Mpendwa wa Redioni

Juzi niliingia katika kihoteli kimoja mjini Nyeri kutafuta chai, na kabla sijakaa harufu ya tangawizi ikanipokea. Si ile tangawizi ya unga inayonyunyizwa juu juu. Ilikuwa mbichi, imepondwa, imechemka mpaka mvuke wake unakereketa koo. Nilisimama pale mlangoni na mkoba wangu mkononi hadi mhudumu akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia hapana. Lakini kwa kweli nilikuwa nimerudi nyumbani kwetu Giakanja, mtoto wa miaka tisa, blanketi limefika puani, nikimsikiliza mama yangu akiponda tangawizi jikoni kabla jogoo hajawika, alainishe koo lake aende kuwaamkia watu ambao si mimi.

Mama alikuwa mhubiri wa redio. Labda wewe unayesoma haya uliwahi kumsikia, maana stesheni yao, ingawa ilikuwa na vyumba viwili tu juu ya duka la magodoro, ilifika mbali. Ilisikika Naro Moru, ambako baba yangu alikuwa mpagazi wa kuwabebea mizigo wapanda mlima na alikuja nyumbani mara chache. Ilisikika Karatina, ilisikika Nanyuki, na hali ya hewa ikiwa nzuri ilishuka mpaka kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea. Kipindi chake kiliitwa Taa ya Jikoni, na kwa sababu hiyo watu wakamwita Mama Taa. Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho na kwenye midomo ya watu wachache wa ukoo.

Hakuwa amesomea uchungaji. Alikuwa fundi cherehani aliyefunza watoto Jumapili kanisani. Siku moja alikuwa amepanda ngazi zile za stesheni kupeleka tangazo la kifo cha jirani, akakuta mhubiri wa asubuhi hajafika na meneja anazunguka chumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Meneja akamwomba aseme neno lolote la Mungu, dakika chache tu. Mama aliogopa mashine zile, kwa hiyo akafumba macho na kujifanya anaongea na mwanamke mmoja aliyeinama anawasha moto. Alimwambia mwanamke huyo asikate tamaa kuni zikiwa mbichi. Alipofumbua macho, meneja alikuwa ameketi chini, ametulia. Wiki iliyofuata walimpa kipindi.

Nyanya yangu, mama ya baba, ambaye tulimwita Cucu, ndiye aliyekaa nami asubuhi. Aliilinda redio yetu kama mtoto mchanga. Betri zikianza kuchoka, alizianika juani juu ya gunia, akizigeuza geuza kama mahindi, naye aliamini kabisa kwamba jua la kwetu Tetu lina nguvu kuliko la kwingine. Kila alfajiri alikaa kwenye kigoda chake, kitambaa kichwani, mikono mapajani, akimsikiliza mke wa mwanawe kwa heshima ambayo hakumpa hata kidogo akiwa nyumbani. Nyumbani alimwambia kwamba chai yake ina maji mengi.

Kipindi kilianza kwa maneno yale yale. "Habari ya asubuhi, mpendwa wangu. Washa jiko. Mimi niko hapa."

Nataka uelewe jinsi neno lile lilivyonichoma. Mpendwa wangu. Hakusema wapendwa, kama wahubiri wengine wanaohutubia umati. Alisema mpendwa, mmoja, wangu, kwa sauti ya chini yenye joto, kama mtu anayekurekebishia blanketi. Na kila aliyesikia, askari kutoka magharibi aliyekuwa zamuni, mwalimu mgeni katika chumba cha kupanga, mama wa Karatina anayekamua ng'ombe, alijua kwamba anaambiwa yeye. Mimi niliyekuwa nimelala katika nyumba yake, niliyerithi hata kidevu chake, hakuwahi kuniita hivyo. Mimi aliniita Wangui. "Wangui, kuni." "Wangui, umefungia kuku?" Akirudi kutoka mjini kwa pikipiki ya jirani, alivua viatu, akaketi kwenye kiti cha baba, na mara nyingi alisinzia kabla hajamaliza kikombe. Nikimsimulia habari za shule, aliitikia "mm" na macho yamefumba. Nilihesabu kwamba watu wa redio walikula nyama na mimi nikaachiwa kulamba sufuria.

Halafu kulikuwa na suala la viazi. Tulipopanda viazi msimu ule, nilipewa mstari wangu mwenyewe. Nami kila asubuhi nilikwenda na kijiti kuvifukua, nione kama vimeota, kisha nikavifunika tena. Bila shaka vilioza. Mama hakunigombeza. Alifanya jambo baya zaidi: alinihubiri. Alfajiri moja nikamsikia redioni akieleza milima yote kwamba ana binti anayefukua mbegu kila siku, na kwamba sisi nasi tunamfanyia Mungu hivyo hivyo, tunaomba leo na kesho tunakwenda na kijiti.

Yalikuwa mahubiri mazuri, nadhani. Lakini jioni hiyo, sokoni Giakanja, askari mmoja mrefu aliyekuwa ananunua nyanya aliniinamia akasema, "Eh, kumbe ni wewe mtoto wa viazi?" Mwalimu mkuu naye aliniuliza kwa upole mbele ya darasa kama vimeota. Hata aliyekuja kupima ng'ombe wetu alijua. Sikuwa na mama, lakini mama alikuwa na hadithi zangu, na alizigawa bure.

Nilimlalamikia Cucu. Akasema, huku akitafuna kama kawaida yake, "Mwenye kushika taa, mwangaza inaenda kwa wengine. Yeye na wa kwake wanaona moshi." Halafu akanituma maji.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa wakati Wanjira alipoletwa.

Alikuja mwezi wa sita, wakati ukungu unapokaa juu ya mashamba ya kahawa mpaka saa sita mchana. Baba yake, mkulima wa mpunga kutoka Mwea, alikuwa mtu mwembamba aliyeshika kofia yake kwa mikono miwili kama anayesubiri hukumu. Mgongoni alibeba mfuko wa mchele, na kando yake, akiegemea mkongojo, alisimama msichana wa umri wangu, mguu mmoja umefungwa bandeji kutoka goti hadi kifundo. Alikuwa na ugonjwa wa mfupa. Daktari wa Nyeri alikuwa amempasua, na sasa alitakiwa kusafishwa kidonda kila baada ya siku moja kwa majuma kadhaa. Mwea ni mbali, na hawakuwa na mtu mjini.

"Mama Taa, mimi sina maneno mingi," baba yake alisema. "Mama yake aliaga akiwa mdogo. Hii mtoto inaamka na wewe kila siku. Ndio nikasema, wacha nijaribu kuuliza."

Mama hakumwacha amalize. Alimpa chai, akamwambia arudi kwa mpunga wake bila wasiwasi. Na hivyo, bila mtu kuniuliza, nusu ya kitanda changu ikawa ya Wanjira.

Sikumchukia, na hilo ndilo lililonitesa. Alikuwa mpole, anacheka kwa urahisi, na alijua kukunja karatasi zikawa ndege. Lakini aliingia nyumbani kwetu akiijua. Alijua Cucu anaanika betri. Alijua ng'ombe wetu mwekundu hapendi mvua. Siku ya kwanza alitazama shamba akauliza, kwa nia njema kabisa, "Viazi vyako vilikuwa upande gani?" Nilijisikia kama mtu aliyerudi kwake akakuta mgeni amevaa sweta yake, na sweta inamkaa vizuri.

Jioni ya siku ya pili tulikuwa tumekaa sote jikoni. Mama alikuwa anamenya ndizi bila kusema neno, uso umechoka, kitambaa kimelegea. Wanjira alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akaniinamia sikioni. "Mama wa redio anakuja saa ngapi?"

Nilifikiri ananitania. "Si ndio huyo."

"Huyu ni mama yako," akasema. "Mimi nauliza ule mwingine."

Na macho yake yakajaa machozi. Alikuwa amevumilia kisu cha daktari na safari ya gari la kuruka ruka, akijua mwishoni mwa yote kuna sauti ile. Alichokuta ni mwanamke aliyenyamaza, mwenye visigino vilivyopasuka, anayenuka moshi kama wanawake wote.

Mama alikuwa amesikia. Aliweka kisu chini, akajipangusa mikono, akaja akapiga magoti mbele ya Wanjira, pale chini kwenye sakafu ya udongo. Akafumba macho. Na jikoni mwetu, ambamo haikuwahi kusikika isipokuwa kutoka kwenye kisanduku kile, ile sauti ikatoka kinywani mwake. "Mpendwa wangu," akasema. "Mimi niko hapa." Akaomba. Aliuombea mguu ule, akamwombea baba yake katika maji ya mpunga, akaliombea jina la mama yake aliyelala. Cucu aliacha kutafuna. Wanjira alitulia kama mtoto aliyenyonya akashiba.

Mimi nilitoka nje nikasimama karibu na ng'ombe. Ubaridi ulikuwa mkali lakini sikuusikia. Miaka yote niliamini kwamba sauti ile haiwezi kutoka isipokuwa kule mjini, kwamba ni ya mashine, kwamba mama hana uwezo wa kuileta nyumbani. Na sasa nilijua anaweza. Alikuwa nayo siku zote, kama mtu anayeficha sukari kabatini, na aliyefunguliwa kabati ni msichana wa Mwea.

Mama alinifuata. Hakuwa mjinga. Alisimama kando yangu akaanza kumkuna ng'ombe shingoni.

"Niombee na hiyo sauti," nikamwambia. "Mimi pia."

Akasema kwa sauti yake ya kawaida, iliyokwaruza kidogo, "Wangui, ile sauti ni kama gambuti. Nikiingia kwa matope ya watu navaa. Nikifika kwangu natoa."

"Na Wanjira?"

"Wanjira ako kwa matope."

"Na mimi?"

"Wewe ni kwangu."

Labda wewe mtu mzima unayesoma umemwelewa mara moja. Mimi sikumwelewa. Nilichosikia ni kwamba Wanjira alipewa viatu na mimi nikanyimwa. Niliingia ndani, nikapanda kitandani na kugeukia ukuta, nikamwachia yule mgeni blanketi lote ili ajue nimekasirika. Alinirudishia nusu yake.

Sijui kama ni ubaridi wa siku ile au wa siku zilizofuata. Najua tu kwamba kabla ya wiki kuisha nilikuwa nakohoa kikohozi kinachochoma mbavu, na jioni moja nilishindwa kusimama. Walinipeleka zahanati nikadungwa sindano, wakasema ni homa ya mapafu, nirudishwe nyumbani nifunikwe vizuri na nikizidiwa nipelekwe hospitali bila kungoja. Wanjira alihamia kulala na Cucu. Nakumbuka uso wa mama ukiwa karibu sana na wangu, kisha mbali sana, kisha sikumbuki.

Nilichokumbuka baadaye ni kuzinduka alfajiri. Dirisha lilikuwa limeanza kupata rangi ya majivu. Kifua kilikuwa kizito, kama kuna mtu amekikalia. Na kutoka jikoni, wazi kabisa, nikaisikia.

"Habari ya asubuhi, mpendwa wangu. Washa jiko. Mimi niko hapa."

Sidhani nimewahi kuumia vile tena, hata nilipokua na kupata sababu kubwa zaidi. Hata leo, nikawaza. Hata leo amekwenda. Nilitaka kugeukia ukuta, nikavuta mguu, na mguu haukuja. Ulikuwa umeshikwa.

Niliinua kichwa. Mama alikuwa ameketi kwenye kreti la soda miguuni pa kitanda, ameegemea ukuta, amevaa sweta ya baba juu ya nguo ya kulalia. Mkono wake, ule mkavu wenye alama za sindano za cherehani, ulikuwa chini ya blanketi umekishika kisigino changu. Jikoni sauti yake ilikuwa inawaombea wagonjwa wote walioamka na maumivu. Nikamtazama mdomo. Ulikuwa umefungwa. Niliutazama tena nihakikishe.

"Mama," nikasema, "uko kwa redio."

"Hapana. Niko hapa."

"Na hiyo ni nini?"

"Hiyo ni ya jana," akasema. "Lala."

Baadaye nilielezwa kwamba alikuwa amemwomba fundi wa mitambo arudie kipindi cha siku iliyotangulia, yeye ambaye hakuwahi kukosa, aliyekwenda mvua ikinyesha na pikipiki ikikwama. Meneja alilalamika. Mama alimwambia atafute wa kumlalamikia mwingine. Lakini alfajiri ile sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba sauti ilikuwa jikoni na mama alikuwa kwangu, na kwamba vitu hivyo viwili vinaweza kuwa mahali tofauti.

Hakuniombea, au kama aliniombea hakufungua kinywa. Hakuniita mpendwa. Alikaa tu, akinisikiliza ninavyopumua, kama mtu anayesikiliza kipindi ambacho hataki kukosa neno hata moja.

Punde nikasikia mkongojo. Wanjira alikuwa amekuja mpaka mlangoni. Alimtazama mama, akatazama mkono ulioingia chini ya blanketi langu, kisha akageuza kichwa kuelekea jikoni ambako mama yule mwingine alikuwa bado anaongea. Uso wake uliniambia kila kitu. Niliujua uso ule vizuri, kwa kuwa nilikuwa nimeuvaa mimi mwaka mzima. Alisimama kidogo, kisha akarudi taratibu, na nikamsikia Cucu akimwambia asogee karibu na moto.

Nilifurahi, sitakudanganya. Nilikuwa mtoto, na nilikuwa nimeshinda. Nililala usingizi mzito na nilipoamka homa ilikuwa imeshuka.

Mguu wa Wanjira ulipona kabla mvua fupi hazijaanza. Baba yake alikuja kumchukua, kofia mikononi vilevile, na mama akamsindikiza mpaka barabarani akiwa amevaa ile sauti, nami safari hii nikabeba mfuko wake wa nguo. Tulibaki marafiki. Leo ni mwalimu huko kwao Mwea, ana watoto, anatembea bila kuchechemea ila kukiwa na baridi. Siku moja tukiwa watu wazima nilimuuliza kama anakumbuka asubuhi ile. Akacheka kidogo. "Nilikuwa nimekuja na hamu ya maneno yake," akasema. "Halafu nikakuona wewe umepewa mama bila maneno. Wacha tu, Wangui. Hata sasa nikikumbuka inaniuma."

Miaka kadhaa iliyopita koo la mama lilikataa. Daktari alisema nyuzi za sauti zimechoka, na akiendelea kuzilazimisha zitanyamaza kabisa. Kipindi cha Taa ya Jikoni kikafungwa. Watu walisikitika kana kwamba kuna msiba. Wengine walipanda ngazi zile za stesheni kuuliza kama ni kweli. Wengine walikuja mpaka Giakanja na maua na mchele na kuku, wakakaa barazani wakimsubiri aseme chochote, naye akawashika mikono akatabasamu, akanong'ona, na wakaondoka wakijifuta macho. Wanjira alinipigia simu akilia. Alikuwa ameamka, akafungua redio, akakuta wimbo tu.

Jumamosi ile nilikwenda nyumbani nikiwa na hofu. Nilidhani nitamkuta amepungua. Nilimkuta jikoni, ameweka ungo mapajani, anachambua maharagwe, viatu vimekaa mlangoni. Nikamsalimu. Akaitikia "mm." Nikaketi karibu naye, nikangoja kuhisi kile ambacho wengine wote walikuwa wanakihisi, ule upungufu, lile pengo la sauti.

Halikuja. Nilitafuta nilichopoteza sikukiona. Kila kitu changu kilikuwa pale: kimya chake, pumzi yake, bega lake linalogusa langu bila kuomba ruhusa. Nilichodhani ni makombo ndicho kilichokuwa chakula, na nilikuwa nimekila peke yangu tangu nizaliwe, huku nikiwaonea wivu walioalikwa kunusa.

Mama akausogeza ungo katikati yetu, ili nami nichambue.